Pua na Kazi Yake

Katika masomo ya afya twafundishwa kwamba mwanadamu ana milango mitano ya fahamu, nayo ni macho, masikio, ulimi, ngozi na pua. Macho husifiwa sana, na masikio vilevile. Pua hutajwa mwisho, kama mgeni aliyechelewa karamuni. Watu wengi hudhani kwamba kazi yake ni kuvuta hewa na kushikilia miwani tu, na kwamba uwezo wa kunusa ni wa mbwa, si wa watu.

Kusudi la makala haya ni kuonyesha kwamba mawazo hayo si ya kweli. Pua ya mwanadamu ni mlinzi hodari. Lakini, kama walinzi wengine, naye ana saa zake za kusinzia, na mtu asiyezijua saa hizo aweza kupoteza maisha yake. Kwa hiyo yafaa tujue pua hufanyaje kazi, inaweza nini, na haiwezi nini.

HARUFU NI NINI?

Tuanze na swali jepesi. Mama akikaanga vitunguu jikoni, nasi tumekaa uani, ni kitu gani kinachotufikia? Si mwanga, wala si sauti. Ni vitunguu vyenyewe! Kila kitu chenye harufu hutoa vipande vidogo mno, visivyoonekana kwa macho, ambavyo wataalamu huviita molekuli. Vipande hivyo hupeperuka hewani na kuchukuliwa na upepo mpaka puani. Joto huvifanya vitoke kwa wingi, na ndiyo sababu chakula kinachotoka motoni hunukia kuliko kiporo kilichopoa. Kioo safi hakina harufu, kwa kuwa molekuli zake hazipeperuki.

Basi mtu anusapo ua, sehemu ndogo sana ya ua lile imekwisha kuingia mwilini mwake. Na anusapo jalala, ni vivyo hivyo. Jambo hili huwachekesha watu, lakini ndivyo lilivyo.

Lugha yetu imelitazama jambo la harufu kwa makini. Ua hunukia, lakini mzoga hunuka. Herufi moja tu yatenga kizuri na kibaya. Samaki mbichi ana shombo, mtu asiyeoga ana kikwapa, na kilichooza kina uvundo. Tena husema "nasikia harufu", kana kwamba pua ni sikio la namna ya pekee.

SAFARI NDANI YA PUA

Sehemu ya pua tunayoiona usoni ni ukumbi tu. Kazi ya kunusa hufanyika ndani kabisa, huko juu, kwenye dari ya pua, karibu usawa wa macho. Hapo pana utando laini uliolowa kamasi. Ukubwa wake kila upande haupiti stempu ya barua, lakini ndani yake mna seli za kunusa mamilioni kadhaa.

Tunapopumua kwa kawaida, sehemu kubwa ya hewa hupita chini kuelekea mapafuni, na kidogo tu hufika darini. Kwa hiyo mtu anayetaka kujua kama maziwa yameharibika huvuta hewa kwa nguvu mara mbili tatu. Kuvuta huko ndiko kunusa hasa, maana hewa nyingi hupelekwa juu.

Molekuli zikifika huko huyeyuka katika kamasi. Kila seli ya kunusa ina vinyweleo vinavyoelea katika kamasi hiyo, na juu ya vinyweleo mna vipokezi. Molekuli ikikutana na kipokezi kinacholingana nayo, seli hutoa mshtuko mdogo wa umeme. Umeme huo husafiri katika mshipa wa fahamu, mwembamba kupita uzi wa buibui, ukapenya katika mfupa wenye matundu kama chekeche, na mara umefika ubongoni.

Seli hizi zina jambo moja la ajabu. Kwa kuwa ziko wazi kwa vumbi, moshi na magonjwa, huharibika mara kwa mara. Basi mwili huziondoa zilizochakaa na kuleta mpya katika muda wa majuma au miezi michache. Sehemu kubwa ya seli za ubongo hazina bahati hiyo. Tulikumbuke jambo hili, maana tutalihitaji mbele.

HERUFI ZA HARUFU

Kwa muda mrefu wataalamu hawakujua pua huwezaje kutenganisha harufu nyingi namna ile. Jibu lilianza kupatikana mwaka 1991, wakati wataalamu wawili wa Marekani, Linda Buck na Richard Axel, walipotangaza kwamba wamegundua katika panya jeni nyingi sana zinazotengeneza vipokezi vya harufu. Kwa kazi hiyo walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2004. Leo yajulikana kwamba mwanadamu ana aina zipatazo 400 za vipokezi vya harufu, na kwa kawaida kila seli ya kunusa hubeba aina moja tu. Linganisha na jicho, ambalo huziona rangi zote kwa kutumia aina tatu tu za seli.

Labda msomaji atauliza, aina 400 zatoshaje, na harufu ni nyingi mno? Fikiri habari za kuandika. Herufi zetu hazifiki thelathini, lakini kwa herufi hizo twaandika barua, magazeti na vitabu visivyo na idadi. Pua nayo ni hivyo. Molekuli ya namna moja yaweza kuamsha vipokezi vya aina kadhaa, na kipokezi kimoja chaweza kuamshwa na molekuli za namna kadhaa. Kahawa iliyokaangwa hutoa mamia ya molekuli mbalimbali kwa pamoja. Ubongo hausomi herufi moja moja, husoma neno zima mara moja, ukasema, "Kahawa!"

Hata hivyo watu wote hawana herufi zilezile. Jeni za vipokezi hutofautiana kati ya mtu na mtu, hata harufu moja yaweza kusikiwa sana na huyu na isisikiwe kabisa na yule. Kwa hiyo wanafunzi wawili wakibishana juu ya manukato ya mwenzao, yawezekana kabisa kwamba wote wawili wasema kweli.

PUA, KUMBUKUMBU NA LADHA

Habari zinazotoka machoni na masikioni hupitia kwanza katika kituo kilicho katikati ya ubongo, ndipo zigawanywe. Habari za pua hazingoji kituoni. Huenda kwa njia fupi mpaka kwenye sehemu zinazoshughulika na hofu, furaha na kumbukumbu. Mwanafunzi wa bweni akisikia harufu ya mchele ule ule unaopikwa kwao, moyo wake hufika nyumbani kabla hajajua ni kwa nini amenyamaza.

Pua hufanya kazi nyingine ambayo sifa yake huchukuliwa na ulimi. Ulimi wenyewe hujua mambo machache: utamu, chumvi, uchungu, uchachu, na ile ladha nono ya mchuzi wa nyama. Mengine yote tunayoyaita ladha ni harufu, inayopanda kutoka kinywani kwa nyuma ya koo mpaka puani. Jaribu mwenyewe. Chukua peremende za matunda mbalimbali, fumba macho, bana pua, kisha mpe mwenzako akutilie moja kinywani. Utajua kwamba ni tamu, lakini hutajua kama ni ya chungwa au ya nanasi. Achia pua, na mara moja utaijua. Ndiyo maana mtu mwenye mafua humlaumu mpishi bure.

JE, PUA YETU NI DHAIFU?

Katika karne ya 19 daktari mmoja mashuhuri wa Ufaransa, Paul Broca, aliwaweka wanadamu katika kundi la viumbe wasiotegemea kunusa. Sababu yake ilikuwa kwamba sehemu ya ubongo inayopokea harufu ni ndogo sana kwetu ikilinganishwa na ubongo wote. Aliupima ubongo, lakini hakuzipima pua za watu. Hata hivyo neno lake liliingia katika vitabu, na vitabu vikanakili vitabu. Mwaka 2017 mtaalamu wa Marekani, John McGann, aliuchunguza ushahidi wote, akaonyesha kwamba udhaifu wa pua ya mwanadamu ni hadithi tu iliyorithiwa kutoka karne ile.

Mifano ipo. Mwaka 2007 wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, mjini Berkeley, walitangaza matokeo ya jaribio la kuchekesha. Walipitisha kamba yenye harufu ya chokoleti katika majani, wakawafunga watu macho na kuwaziba masikio, wakawaambia watambae kwa magoti na mikono waifuate kwa pua. Watu wapatao theluthi mbili walifaulu, na waliofanya mazoezi waliongeza mwendo.

Mfano wa pili uko karibu nasi zaidi. Mvua ya kwanza ikinyesha juu ya ardhi kavu, sote twaijua ile harufu ya udongo. Sehemu yake moja hutokana na kitu kiitwacho jeosmini, kinachotengenezwa na bakteria wa udongoni. Pua ya mwanadamu yaweza kukitambua hata kama ni gramu 10 tu katika lita bilioni moja za maji. Ni mizani gani ya dukani iwezayo kazi hiyo?

Mfano wa tatu ni wa mwuguzi mmoja wa Uskoti, Joy Milne. Alisikia kwa mume wake harufu mpya asiyoizoea, naye hakujua maana yake. Miaka mingi baadaye mumewe alionekana kuwa na ugonjwa wa Parkinson, unaotetemesha mikono na kukakamaza mwili. Bibi huyo alipokwenda katika mkutano wa wagonjwa wa namna hiyo, alisikia harufu ileile. Wataalamu wa Edinburgh walimjaribu kwa fulana 12, sita zilizovaliwa na wagonjwa na sita zilizovaliwa na wazima. Alizitambua zote sita za wagonjwa, ila alisema na fulana moja ya mtu mzima nayo ina harufu ya ugonjwa. Ikadhaniwa kwamba hapo amekosea. Baada ya miezi michache mtu yule naye alionekana kuwa na ugonjwa huo. Tangu hapo wataalamu wamekuwa wakizitafuta molekuli zenyewe, ili ugonjwa upate kutambuliwa mapema.

Hatusemi kwamba twaweza kumshinda mbwa, wala panya buku wanaofundishwa huko Morogoro kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini. Twasema tu kwamba tuliyepewa si dhaifu.

MLINZI ANAPOSHINDWA

Sasa tufike kwenye jambo lililo kubwa zaidi. Tarehe 18 Machi 1937, katika kijiji cha New London, jimbo la Texas, Marekani, gesi ilivuja chini ya jengo la shule na kujaa huko. Gesi ile haikuwa na harufu. Hakuna mwalimu wala mwanafunzi aliyejua. Cheche moja ya umeme kutoka katika karakana ya shule iliiwasha, na jengo lote likalipuka. Watu karibu 300 walikufa, wengi wao wakiwa wanafunzi kama sisi.

Baada ya msiba huo serikali ya Texas ilitoa sheria kwamba gesi itiwe harufu mbaya kwa makusudi, na desturi hiyo ikaenea duniani. Gesi ya mitungi tunayopikia leo, kwa asili yake, haina harufu kubwa. Uvundo tuusikiao umetiwa kiwandani ili kuiamsha pua. Basi ukisikia uvundo huo jikoni, mlinzi anapiga kelele. Usiwashe kiberiti, wala usiguse swichi ya taa, maana cheche yake yatosha. Funga mtungi kama waweza, fungua milango na madirisha, kisha toka nje na uwaite wakubwa.

Lakini ziko hali nne ambazo mlinzi huyu hawezi kupiga kelele, na kila mwanafunzi yampasa azijue.

Ya kwanza ni gesi ya makaa. Jiko la mkaa likiwaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa gesi ya monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu. Gesi hii hushikamana na damu kwa nguvu mara 200 na zaidi kuliko oksijeni, na mtu hukosa hewa huku akiendelea kupumua. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu. Mkaa ukisha kukolea hautoi moshi, nao watu hudhani kwamba umekuwa salama; kumbe gesi yaendelea kutoka. Usilale na jiko la mkaa chumbani hata kama baridi ni kali namna gani.

Ya pili ni mazoea. Harufu ikidumu, pua na ubongo huacha kuitangaza. Mwenye nyumba hasikii harufu ya nyumba yake, lakini mgeni huisikia mlangoni. Kwa hiyo mtu akiingia kutoka nje akasema, "Pana harufu ya gesi hapa," msimcheke. Pua yake bado haijazoea.

Ya tatu ni sumu inayomlevya mlinzi mwenyewe. Katika mashimo ya vyoo na maji machafu hutokea gesi inayonuka kama mayai viza. Ikiwa kidogo, pua huijua upesi. Ikiwa nyingi, huiduwaza pua, harufu ikatoweka, na mtu akadhani kwamba hatari imekwisha, kumbe ndiyo kwanza inaanza. Ndiyo sababu mara nyingi mtu ashukaye shimoni kumwokoa mwenzake hufa pamoja naye. Usishuke. Piga kelele, ita watu wenye vifaa.

Ya nne ni usingizi. Sauti humwamsha aliyelala, lakini harufu haiaminiki kumwamsha. Majaribio yameonyesha kwamba mtu aliye katika usingizi mzito haamshwi na harufu kali. Usitumaini kwamba moshi utakuzindua. Zima mishumaa, vibatari na majiko kabla ya kulala.

PUA IKIPOTEA

Mwaka 2020, ugonjwa wa UVIKO-19 ulipoenea duniani, watu wengi mno walipoteza uwezo wa kunusa kwa siku chache au kwa miezi. Ndipo walimwengu walipoitambua thamani ya mlango huu. Chakula kilikuwa kama karatasi, na maziwa yaliyochacha hayakujulikana mpaka yamekwisha kunywewa. Wataalamu waliona kwamba virusi hivyo hushambulia hasa seli jirani zinazozitegemeza seli za kunusa.

Hapa ndipo tulikumbuke lile jambo la seli kuzaliwa upya. Mwaka 2009 wataalamu wa Dresden, Ujerumani, wakiongozwa na Thomas Hummel, walitangaza habari za mazoezi ya kunusa. Mgonjwa hunusa harufu nne, asubuhi na jioni, kwa majuma 12: waridi, limau, mkaratusi na karafuu. Hunusa taratibu, akijitahidi kukumbuka harufu yenyewe ilikuwaje. Si wote wanaopona, lakini baadhi yao hupata nafuu. Yafaa tufurahi kwamba karafuu, zao lililoipa Unguja na Pemba sifa duniani, imo katika dawa hiyo isiyo na sindano wala vidonge.

Mtu aliyepoteza uwezo wa kunusa bila ya mafua, na hali hiyo ikaendelea, amwone daktari. Wakati mwingine ni dalili ya ugonjwa mwingine, hata huo wa Parkinson. Na kama yumo katika nyumba yetu mzee asiyesikia harufu vizuri, ni wajibu wetu vijana kumkagulia chakula chake na mtungi wake wa gesi. Tutakuwa pua yake.

Basi, wasomaji, tuitunze pua na tuisikilize inaponena. Lakini pale tunapojua kwamba haiwezi kunena, yaani mbele ya jiko la mkaa, katika shimo la choo na wakati wa kulala, tutumie akili badala yake. Wahenga walisema kweli, tahadhari kabla ya hatari.